Seyyid Majid bin Said (takriban 1834–1870): Dola, Milki na Bandari Iliyomtegemea Mtu Mmoja

1.0 Utangulizi

Meli inayoingia katika bandari ya Dar es Salaam hupita kwanza katika mlango mwembamba kati ya Kivukoni na Kigamboni, kisha hukuta maji mapana na matulivu yanayopinda kuelekea kusini hadi Kurasini. Huko Kurasini, katika Wilaya ya Temeke, ndiko kulikojengwa magati ya kina kirefu yaliyofunguliwa mwaka 1956, na ndiko lilikofuata gati la mafuta, pamoja na maghala na yadi za mizigo ya nchi zisizo na bahari. Hori hilo halikuchimbwa na mkoloni. Lilikuwapo mwaka 1862, pale Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alipoichagua pwani hii kuwa mahali pa mji wake mpya. Hata hivyo, baina ya uteuzi wa Majid na kukamilika kwa magati ya Kurasini ilipita miaka 94. Sultani aliona sawasawa kile ambacho wahandisi wa karne iliyofuata walikuja kukithibitisha, lakini mji aliouanzisha ulififia mara tu alipofariki.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu jambo hili ni mawili. La kwanza ni la tabia: kwamba Seyyid Barghash, ndugu na mrithi wake, hakuupenda mji huo kwa kuwa hakumpenda aliyeuanzisha. La pili ni la bahati: kwamba Majid alikufa kijana, kabla kazi haijakamilika. Maelezo hayo yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Wafalme wengi wamekufa vijana na kuacha miji iliyoendelea kukua, na warithi wengi wamewachukia watangulizi wao bila ya kuweza kuziangusha kazi zao. Makala haya yanayatazama maisha ya Majid kwa upande mwingine, yaani upande wa asasi: nani alikusanya ushuru, nani alihukumu, nani alilinda, na haki ya mtu juu ya ardhi na mali ilisimama juu ya nini. Hoja kuu ni kwamba Dar es Salaam ya Majid ilikuwa na bandari nzuri, majengo na fedha za kuanzia, lakini haikuwa na chombo chochote ambacho kingeendelea kuwapo baada ya pumzi ya mtu mmoja kukatika.

Hoja hiyo inahusiana na mjadala mpana wa wanauchumi. Tangu Douglass North alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1993, na baadaye Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson mwaka 2024, imekuwa kawaida kueleza utajiri na umaskini wa nchi kwa kutazama asasi zake, hususan haki za milki na uwezo wa dola. Maisha ya Majid yanaunga mkono mtazamo huo kwa kiasi kikubwa. Vilevile, yanauwekea swali moja gumu, nalo ni swali la nani hasa anayelindwa pale haki ya milki inapolindwa.

2.0 Nasaba na Urithi wa Dola

Majid alizaliwa takriban mwaka 1834. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan wa ukoo wa Albusaidi, mtawala wa Omani na Zanzibar, na mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi aliyeitwa Sarah. Habari za malezi yake zinajulikana zaidi kutokana na kumbukumbu za dada yake, Salme binti Said, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete, na ambaye akiwa mtoto alikaa na mama yake katika nyumba ya Majid mjini Zanzibar. Kumbukumbu hizo, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinamwonyesha Majid kuwa kijana mpole, mkarimu kwa ndugu zake, na mwenye kusumbuliwa na maradhi ya kifafa.

Hakuandaliwa kushika dola. Aliyetazamiwa kushika Zanzibar alikuwa Khalid, ambaye alifariki mwaka 1854, na hapo ndipo Majid alipowekwa kumwakilisha baba yake kisiwani. Seyyid Said mwenyewe alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, merikebu yake ikiwa karibu na visiwa vya Shelisheli katika safari ya kutoka Omani. Aliacha watoto 36 walio hai. Mali zake binafsi zilikuwa na kanuni ya kugawanywa, nayo ni sheria ya Kiislamu ya mirathi. Dola haikuwa na kanuni ya namna hiyo. Kwa mila ya Omani, utawala ulimwendea yule aliyeweza kuushika na kukubaliwa na watu wenye nguvu. Barghash, aliyekuwa pamoja na baba yake katika safari ile, aliishusha maiti usiku na kujaribu kuitwaa Zanzibar kabla habari haijaenea. Jaribio hilo lilishindwa, na Majid akakubaliwa kuwa mtawala wa Zanzibar. Ndugu yao mkubwa, Thuwaini, alibaki na Maskati.

Hivyo milki moja ikawa na mabwana wawili bila ya hati iliyoeleza mpaka wa kila mmoja. Majid aliahidi kumlipa Thuwaini riyali 40,000 kwa mwaka. Kila upande uliielewa ahadi hiyo kwa namna yake: Maskati waliihesabu kuwa kodi ya mtumishi kwa bwana wake, na Zanzibar waliihesabu kuwa hisani ya ndugu kwa ndugu. Mwaka 1859 Thuwaini alituma jeshi la majini kuja kudai haki yake, nalo likarudishwa njiani na Waingereza. Mwaka huo huo Barghash aliasi, akajifungia na wafuasi wake katika shamba la Marseilles, na uasi ukazimwa kwa msaada wa askari wa majini wa Kiingereza. Barghash alipelekwa Bombay, akarejea mwaka 1861.

Shauri la ndugu hao liliamuliwa na Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, tarehe 2 Aprili 1861. Uamuzi wake uliitenga Zanzibar na Omani na kuithibitisha ruzuku ya riyali 40,000 kila mwaka. Mwaka uliofuata, 1862, Uingereza na Ufaransa zilitamka kwa pamoja kwamba zitaheshimu uhuru wa watawala wote wawili. Kwa juujuu Majid alikuwa ameshinda. Lakini hati ya ushindi wake ilikuwa imeandikwa na mtu mwingine, na jeshi lililokilinda kiti chake lilikuwa la mtu huyo huyo. Thuwaini alipouawa mwaka 1866 na mwanawe Salim, Majid aliona ameondokewa na wajibu wa kumlipa muuaji. Hata suala hilo hakuweza kulimaliza mwenyewe bila ya kuwatazama Waingereza. Ni jambo lenye maana kwamba mwaka ule ule wa 1862, uhuru wake ulipotambuliwa na dola kubwa, ndipo alipoanza kutafuta mahali pa kujenga mbali na Zanzibar.

3.0 Dola Iliyokodishwa

Ili kuelewa alichotaka kufanya bara, ni lazima kwanza kutazama dola aliyoirithi ilifanya kazi namna gani. Nguzo yake ilikuwa forodha. Kwa mikataba ya biashara ambayo Seyyid Said aliifunga na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844, ushuru wa bidhaa zilizoingia uliwekwa kuwa asilimia 5. Majid mwenyewe alifunga mkataba wa namna hiyo na miji ya Hansa ya Ujerumani mwaka 1859. Mtawala aliyekwisha kutia sahihi mikataba hiyo hakuweza kuupandisha ushuru huo alipohitaji fedha. Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa hasa bidhaa za Mrima, yaani pembe na sandarusi, ambazo mkataba wa Kiingereza uliziacha nje ya biashara huria katika pwani iliyo kati ya Tanga na Kilwa. Ushuru wa pembe ulihesabiwa kwa frasila, na ulitofautiana kulingana na nchi ambako pembe zilitoka.

Ushuru huo haukukusanywa na watumishi wa Sultani. Forodha ilikodishwa kwa ijara, na kwa miaka mingi mkodishaji alikuwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch. Wakati wa Majid, msimamizi wa nyumba hiyo mjini Zanzibar alikuwa Ladha Damji. Nyumba hiyo ilimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kwa mwaka, nayo ikaweka mawakala wake katika bandari za pwani na kubaki na kilichozidi. Utaratibu huu ulikuwa na faida iliyo wazi: mtawala asiye na makarani, madaftari wala vyombo vya ukaguzi alipata fedha za uhakika bila ya gharama ya kuzikusanya. Gharama yake ilionekana polepole. Aliyejua ni kiasi gani cha mali kilichopita katika kila bandari alikuwa mkodishaji, si mtawala. Aidha, mkodishaji huyo huyo alikuwa pia mkopeshaji wa mtawala. Majid alipohitaji fedha za kuwalipa askari, kumpelekea Thuwaini au kujenga, alikopa kwa mkusanyaji wa ushuru, na deni likakatwa katika ushuru wa miaka ijayo. Kufikia mwisho wa maisha yake deni hilo lilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya riyali.

Ulinzi nao ulikuwa wa kukodi. Askari walikuwa hasa Wabaluchi na Waarabu wa Hadharamauti, chini ya majemadari wao, wakiwa wachache katika kila bandari. Utawala wa pwani ulikuwa mikononi mwa maliwali na maakida, ambao walilazimika kusikilizana na majumbe wa kila mji. Haki ya hukumu iligawanyika vilevile. Raia wa Sultani walikwenda kwa kadhi, au kwa Sultani mwenyewe barazani. Raia wa nchi zilizofunga mikataba walihukumiwa na mabalozi wao. Kuhusu Wahindi, ambao wengi walihesabiwa kuwa chini ya himaya ya Kiingereza, mamlaka ya balozi yaliimarishwa kwa amri ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1866 iliyoanzisha mahakama ya kibalozi. Mkopeshaji Mhindi aliyemdai mwenye shamba Mwarabu alikuwa na mlango wa kubisha ambao mdaiwa wake hakuwa nao.

Katika mazingira hayo, kadiri mtu alivyokuwa karibu na fedha za mkopo, ndivyo milki yake ilivyokuwa salama zaidi. Mashamba ya karafuu yaliwekwa rehani au yaliuzwa kwa bei ya khiyari, na wenyewe wakabaki wakilima kwa ajili ya deni. Msamiati wenyewe wa Kiswahili unahifadhi muundo wa dola hiyo. Forodha, ijara, ushuru, rehani, hati na milki ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Jemadari limepitia Uajemi na Bara Hindi. Jumbe na ada ya mji ni mambo ya wenyeji wa Mrima. Kila tabaka la maneno hayo ni tabaka la watu waliokuwa na sehemu yao katika dola, na Sultani alisimama katikati yao akiwaunganisha kwa heshima, zawadi na deni.

4.0 Mzizima na Swali la Mwenye Ardhi

Msafiri wa Kijerumani Albrecht Roscher alifika Mzizima mwaka 1859, wakati ambapo mahali hapo palikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima. Sababu za Majid kupachagua zinaweza kukusanywa katika mafungu matatu. Ya kwanza ni ya kijiografia. Bagamoyo, iliyokuwa mwisho wa njia kuu ya misafara ya Unyamwezi, ilikuwa na ufuko wazi wenye maji madogo. Mzizima ilikuwa na hori lenye kina lililozungukwa na nchi kavu. Ya pili ni ya kisiasa. Zanzibar ilikuwa imejaa ndugu wenye madai, mabalozi wenye mikataba na wakopeshaji wenye madaftari. Mji mpya ungempa nafasi ya kupumua. Ya tatu, ambayo ndiyo muhimu zaidi katika makala haya, ni ya haki zilizotangulia. Katika bandari kongwe za Mrima kila mzigo uliopita ulikuwa na watu waliostahili fungu lake kwa ada: jumbe, mwenye njia, mwenye mji. Pale pasipo na mji mkubwa, fungu hilo lingekuwa dogo, na kilichokusanywa kingebaki zaidi kwa Sultani.

Hata hivyo, Mzizima haikuwa nchi isiyo na mwenyewe. Washomvi, ambao mapokeo yao yanawahusisha na Barawa, ndio waliokuwa wenye miji ya ufukweni, na Wazaramo walikuwa wenye nchi ya nyuma yake. Habari za kale za Dar es Salaam zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1907, pamoja na mapokeo ya Wazaramo, zinaeleza jinsi Pazi alivyowasaidia Washomvi dhidi ya maadui kutoka bara na jinsi wao walivyokubali kumpa ada ya kila mwaka kwa ajili ya msaada huo. Iwapo kila tukio la masimulizi hayo lilitokea kama linavyosimuliwa si jambo la msingi hapa. La msingi ni kwamba masimulizi yenyewe ni hati ya milki. Yanaeleza nani alifika kwanza, nani alimlinda nani, na malipo gani yalifuata kutokana na hayo. Katika jamii isiyo na daftari la ardhi, hadithi inayojulikana na pande zote mbili na kurudiwa kila ada inapotolewa ndiyo inayofanya kazi ya daftari.

Mamlaka ya Sultani yaliingia juu ya haki hizo bila ya kuzifuta na bila ya kuziandika. Watu wa Mzizima waliendelea kuwa na ardhi yao kwa ushahidi wa jirani na mzee, na wageni walioitwa na Majid walipata viwanja kwa ridhaa yake yeye. Kwa muda ambao Sultani alikuwa hai, mifumo hii miwili haikulazimika kukutana.

5.0 Mji wa Mtu Mmoja, 1865–1870

Ujenzi ulishika kasi kati ya mwaka 1865 na 1867. Jumba la Sultani lilijengwa likitazama bandari, na karibu yake nyumba za wageni, za askari na za watumishi, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Moja ya nyumba za wakati huo bado imesimama Kivukoni na inajulikana kama Boma la Kale. Visima vilichimbwa na minazi ikapandwa. Wafanyabiashara wa Kihindi na Waarabu wa Hadharamauti walishawishiwa kuhamia. Kwa kuwa mlango mwembamba wa bandari ulivisumbua vyombo vya tanga, Majid aliagiza kutoka Hamburg chombo kidogo cha mvuke cha kuvikokota. Mwezi Septemba 1867 aliwakaribisha katika karamu wawakilishi wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani, kana kwamba anawaonyesha kwamba Zanzibar ina mlango wa pili.

Jina la mji lenyewe limeleta mjadala. Wapo wanaolifasiri kuwa bandari ya salama, na wapo wanaolifasiri kuwa nyumba ya amani. Kwa vyovyote vile, salama na amani hiyo ilikuwa ya baadhi ya watu tu. Kazi ya kukata mawe, kuchimba na kulima ilifanywa kwa kiasi kikubwa na watumwa. Biashara ya watumwa katika milki ya Majid ilikuwa halali, na ushuru wake ulikuwa sehemu ya mapato ya forodha, hasa katika bandari ya Kilwa. Mtumwa aliyebeba mawe ya jumba alikuwa yeye mwenyewe milki inayolindwa na sheria, na wale Wahindi ambao balozi Rigby aliwaamuru wawaache huru watumwa wao karibu na mwaka 1860 waliliona tendo hilo kuwa ni uporaji wa mali zao. Hapa ndipo ule mtazamo unaosema tu kwamba haki za milki zikilindwa uchumi hukua unapohitaji kuangaliwa upya. Katika Zanzibar ya karne ya 19 haki za milki zililindwa kwa ukali, na biashara ilikua. Waliolipia ukuaji huo hawakuwa na haki hata juu ya miili yao.

Je, mji ulifanikiwa kama bandari? Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, anamtaja Majid akiwa Dar es Salaam wakati yeye alipotoka bara na pembe zake. Kwa hiyo misafara mikubwa ilifika. Lakini mkondo mkuu wa biashara haukuhama. Bagamoyo haikuwa ufuko tu. Ilikuwa mahali ambapo Mnyamwezi aliyebeba pembe alijua atalala kwa nani, atamuuzia nani na atapata mkopo wa nguo na shanga kwa nani. Palikuwa na mawakala wa forodha, wapagazi wa kurudi nao na majumbe waliojua kiwango cha ada. Mambo hayo yalikuwa yamejengwa kwa miaka mingi na hayakuweza kuhamishwa kwa amri. Zaidi ya hayo, hori lenye mlango mwembamba lilifaa zaidi meli za mvuke kuliko majahazi, na meli hizo zilikuwa bado hazijafika kwa wingi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na safari za kudumu za meli za barua za kampuni ya British India kuja Zanzibar zilianza mwaka 1872. Majid hakuishi kuziona. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1870, akiwa na umri wa miaka takriban 36.

6.0 Baada ya Majid

Barghash alirithi kiti pamoja na deni, na mabishano juu ya deni hilo na nyumba ya Jairam Shivji yalikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo za utawala wake. Hakuwa na sababu ya kuendelea kutumia fedha katika mji ambao ulikuwa mradi wa ndugu yake. Kazi zilisimama, na baadhi ya majengo yakaanza kubomoka kabla hayajamalizika. Hapakuwa na baraza la mji la kupinga uamuzi huo, wala mapato yaliyotengwa kwa ajili ya bandari, wala hati iliyomfunga mrithi kutimiza ahadi za mtangulizi. Mfanyabiashara aliyejenga kwa kutegemea neno la Majid aligundua kwamba neno hilo halikuwa miongoni mwa vitu vinavyorithiwa.

Udhaifu huo huo ulionekana ndani ya ukoo. Salme, aliyeondoka Zanzibar mwaka 1866 na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, alirudi mwaka 1885 akifuatana na manowari za Ujerumani kudai urithi wake kwa Barghash. Dai la binti juu ya fungu lake, katika nchi ambayo hapakuwa na mahakama iliyoweza kumwamuru Sultani, likawa kisingizio mikononi mwa dola ya kigeni.

Hata hivyo, ni kosa kusema kwamba mji ulikufa. Kati ya mwaka 1877 na 1881 ilijengwa kutoka hapo sehemu ya barabara iliyogharimiwa na William Mackinnon kwa lengo la kufika Ziwa Nyasa, kisha ikaachwa. Wajerumani walipofika mwaka 1887 walikuta magofu ya jumba, lakini pia walikuta watu. Idadi ya wakazi haikuwa imepungua kuliko siku za Majid. Ilikuwa imeongezeka hadi kufikia maelfu kadhaa. Walikuwa wavuvi, wakulima wa minazi na mpunga, Wazaramo walioleta mazao, na wenye maduka wa Kihindi walioyanunua. Kilichoanguka ni kile kilichotegemea hazina ya Sultani. Kilichobaki ni kile kilichosimama juu ya mapatano madogo madogo ya watu waliojuana, ambayo hayakuhitaji ruhusa ya mtu aliye Zanzibar.

Dola iliyofuata ilikuwa na uwezo ambao Majid hakuwa nao. Ujerumani ilinunua haki za Sultani juu ya pwani mwaka 1890 kwa marki milioni 4, na mwaka 1891 ikaihamishia Dar es Salaam makao makuu kutoka Bagamoyo. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka bandarini mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Lakini uwezo huo ulikuja na kalamu. Kwa amri ya mwaka 1895 ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe ilitangazwa kuwa ya serikali, na mzigo wa kuthibitisha ukaangukia kwa yule aliyedai. Ile hati ya masimulizi, iliyotosha baina ya Mshomvi na Mzaramo, haikutosha mbele ya mpima ardhi. Sheria ya Ardhi ya Waingereza ya mwaka 1923 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana, na kuwaachia watu haki ya kuitumia. Baada ya uhuru, milki huru zilizokuwapo zilifutwa mwaka 1963, na msingi wa ardhi kuwa ya umma chini ya dhamana ya Rais uliendelezwa katika sheria za ardhi za mwaka 1999.

Kurasini imeyapitia yote hayo. Magati yalipojengwa, na tena katika karne ya 21 pale shughuli za bandari na mizigo zilipohitaji nafasi zaidi, kaya zilitakiwa kuhama kupisha kazi zenye manufaa kwa taifa zima. Kila mara swali halikuwa tu kama dola ina haki ya kutwaa, kwani sheria inaipa haki hiyo kwa masharti ya fidia. Swali lilikuwa aliyekaa hapo kwa ushahidi wa jirani zake atahesabiwa kuwa nani mbele ya karatasi, na je, ahadi aliyopewa itatimizwa hata kama aliyeitoa ameondoka madarakani.

7.0 Hitimisho

Maisha ya Seyyid Majid hayakuwa maisha ya mtu mzembe. Alirithi nusu ya dola bila ya kanuni ya urithi, akaishi kati ya ndugu waliomtamani afe na walinzi waliomtaka adhoofike, na bado aliona mbali kuliko wengi wa wakati wake. Alikosea katika jambo moja, nalo ndilo lililoamua mengine yote: alitaka kuikimbia mifumo iliyomfunga Zanzibar badala ya kujenga mingine. Aliihamisha baraza yake, askari wake na wakopeshaji wake hadi ng'ambo, lakini hakuanzisha huko hazina ya mji, daftari la viwanja wala chombo cha hukumu ambacho kingemfunga hata yeye mwenyewe. Ahadi ya mtawala asiyeweza kufungwa ni imara maadamu yu hai tu.

Kwa upande mwingine, dola zilizomfuata zilithibitisha kwamba uwezo peke yake hautoshi. Ziliweza kupima, kuandika, kujenga reli na kuchimba bandari, lakini kwa muda mrefu daftari lao lilimtambua kwanza yule aliyekwisha kuwa na karatasi. Baina ya neno la Sultani lisilorithika na karatasi ya serikali isiyomjua mwenyeji, kuna nafasi ambayo Washomvi na Wazaramo wa Mzizima waliwahi kuijaza kwa masimulizi na ada. Asasi zinazodumu katika pwani hii zitakuwa zile zitakazoweza kusikia ushahidi wa aina hiyo na kuuandika. Mpaka wa shamba la minazi lililowahi kuwapo Kurasini haukujulikana kwa jiwe la mpima wala kwa muhuri. Ulijulikana kwa jirani wa upande huu na jirani wa upande ule, ambao wote wawili waliweza kutajwa kwa majina.